Kiti cha Mama Nje Kwenye Theluji

Port Lavery, Pennsylvania
29 Januari

Mdogo wangu Dolores,

Natumaini kikohozi chako kimekwisha na huko Washington hawakuui kwa kazi. Mimi sijambo, ukiacha masikio. Simu sasa ndiyo basi tena, ukinipigia nasikia kama mtu anakaanga vitunguu. Tuendelee na karatasi. Wewe unalipwa kujibu barua, mimi nimestaafu kuzingoja, kila mtu ana shughuli yake.

Irene Pavlik wa nyumba ya kushoto amewekewa goti la chuma na analitembeza mtaa mzima kama gari jipya. Kanisani, akina mama wa kutengeneza pierogi, yale maandazi ya kujazwa viazi, wamebaki watano, na wote watano wamegombana juu ya chumvi.

Utaona mwandiko umelala. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Jumanne theluji ilifika magotini. Nilifukua nafasi ya gari mbele ya nyumba kwa saa mbili, nikaweka kiti cha Mama kuilinda asiegeshe mwingine, kile cha manjano cha jikoni. Najua utanuna, lakini cha bustani kilivunjika. Saa kumi jioni nikaona dirishani mtu amekibeba kiti anakwenda nacho. Mtaa huu unaujua. Mtu atakusamehe ukimtorosha mkewe, lakini siyo ukigusa kiti alichoweka kwenye theluji yake aliyoifukua. Nikatoka na ndara, nikipiga kelele, nikateleza ngazini, kifundo cha mkono kikavunjika. Irene akaita polisi, wakamchukua. Kesho yake wakamwachia bila dhamana, ndio utaratibu wa mji siku hizi.

Kiti kimerudi, mguu mmoja umelegea. Usiniulize zaidi, mkono unauma.

Kaka yako,
Stan


Washington
7 Februari

Kaka Stan,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha, baridi ni ya kawaida, supu ninayopika Jumapili inanifikisha Alhamisi. Jirani wa mlango wa mbele amehama. Nimegundua baada ya wiki tatu, nilipoona jina jingine kwenye kengele. Ndivyo tunavyoishi huku.

Ndiyo, nimenuna. Mama hakukiruhusu kiti kile kifike hata barazani. Lakini zaidi nimeungua moyo kwa ajili yako. Miaka ishirini na miwili najibu barua za watu nisiowajua, wanaolia kwamba wameibiwa, wamepigwa, na aliyewapiga wanakutana naye dukani kesho yake. Nawaandikia kwamba mbunge wetu, Mheshimiwa Penner, amesikitika, mashine inatia sahihi yake, naenda kula. Safari hii barua ni ya kaka yangu.

Mheshimiwa anaandaa mswada. Mji wowote unaoachia watuhumiwa bila dhamana, au unaopunguza askari wake, usipewe fedha za serikali ya shirikisho mpaka ubadilishe sera hizo. Nimempelekea habari yako, bila jina. Nimeipanga vizuri kidogo, maana wewe unaandika kama unalipia kila neno. Palipokuwa na pengo nimejaza.

Usitembee na ndara kwenye barafu. Una miaka sabini na moja.

Dolores


Port Lavery
11 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huku ni za Kwaresima: samaki kila Ijumaa ukumbini, na kabichi na tambi za Irene, ambazo mwaka huu zina chumvi ya kutosha ng'ombe watatu. Plasta wametoa. Mkono umetoka mwembamba, nauonea aibu.

Sasa sikiliza. Ijumaa nimekaa na sahani yangu, Irene akaja na simu yake. Nikamwona Mheshimiwa wako amesimama kwenye kamati, anasoma maandishi, nayo maandishi yanapita chini kwa ajili ya viziwi kama mimi. Fundi wa mabasi mstaafu, umri miaka sabini na moja, "aliyepigwa na kuporwa kwenye mlango wa nyumba yake." Ukumbi wote ukanigeukia.

Lou anayekaanga samaki akaniuliza kwa sauti ya kunifikia, "Stan, kumbe ulipigwa? Mbona ulituambia uliteleza?"

"Niliteleza."

"Na walikupora nini?"

"Kiti. Na kimerudi."

"Basi aliyekusukuma ni Bunge," akasema, wakacheka mpaka wakaungua vidole. Mimi sikucheka. Umetia chumvi kuliko Irene.

Tena kuna hili. Basi namba 51, linalopanda mlima wetu, nusu ya fedha zake zinatoka huko kwenu. Nimelifunga magurudumu miaka thelathini, nalijua kuliko ninavyojijua. Wakizuia fedha, la kwanza kufa ni hilo, kwa sababu halijai. Kuna watu asubuhi wanateremka nalo kliniki na hawana njia nyingine.

Mwambie aifute habari yangu. Nakuomba kama kaka.

Stan


Washington
20 Machi

Kaka Stan,

Nimefurahi plasta imetoka. Ufinye mpira, ndivyo wanavyoshauri.

Kwamba nimetia chumvi, sikubali. Ulivunjika mkono mbele ya mlango wako. Mtu alishikwa na mali yako mkononi. Kesho yake alikuwa nje. Ni neno gani hapo ambalo hukuniandikia wewe?

Unanizungumzia basi. Mimi nazungumza juu ya mtu anayeachiwa, akirudi anaachiwa tena, mpaka siku moja hakuna wa kuachia kwa sababu amekutwa amekufa chooni kwenye kituo cha petroli. Unajua ninachosema na unajua kwa sababu ya nani. Tulikubaliana jina hilo tusiliandike, nami siliandiki. Lakini kama mtu mmoja tu angemfungia mapema, akamweka mahali penye mlango na ufunguo, nisingelala miaka minne na simu chini ya mto. Nilimfukuza mimi mwenyewe, Stan. Nilibadilisha kufuli. Nataka sheria ifanye kazi hiyo ili akina mama wasiifanye.

Kamati inakutana tena tarehe 14 Mei. Mheshimiwa anataka uje mwenyewe useme. Nauli na hoteli watalipa, ila hoteli usiikubali, utalala kwangu. Nimenunua taulo la pili.

Dolores


Port Lavery
30 Aprili

Dolores,

Samahani nimechelewa. Sitakuja.

Gari nimeliuza, mkono hauzunguki vizuri kushika usukani. Jikoni pamepakwa rangi ya maziwa. Kiti cha Mama kimetengenezwa, gundi na skrubu, huwezi kujua kilikuwa kimelegea. Pasaka tulikula paja la nguruwe na mkate mtamu wa Irene, ukadumu siku mbili tu.

Usinikasirikie. Taulo lisikae bure, litumie.

Stan


Washington
8 Mei

Kaka Stan,

Natumaini u mzima. Mimi nimekuwa na kazi nyingi.

Umeandika "tulikula." Tangu Mama afariki, miaka sita, unaniandikia "nilikula." Mimi nasoma barua kwa riziki yangu, huwezi kunipiga chenga. Tena mkate wa Irene, mkubwa vile, kwako hukaa wiki nzima mpaka uote ukungu. Kama umepata mwenzi, nitafurahi, na nitataka jina lake. Lakini ni nani aliyetengeneza kiti? Si wewe, na mkono huo.

Kwa kuwa huji, Mheshimiwa anahitaji kitu cha kushika mkononi siku ya kamati. Nimeomba nakala ya maelezo ya polisi ya siku ile. Wamesema itafika baada ya siku chache.

Dolores


Port Lavery
11 Mei

Mdogo wangu,

Nimelipia barua hii iende haraka, nikiomba iitangulie hiyo karatasi. Nimeanza mara tatu na kuchana. Sasa naandika na sitasoma nilichoandika.

Ni Curtis. Mtu aliyebeba kiti ni mwanao.

Sikumtambua. Ndevu zimefika kifuani, mwili umekwisha, kofia ya koti imefunika macho. Niliona mgongo wa mtu na kiti cha Mama, basi, damu ikapanda. Nikiwa chini kwenye barafu, askari alimvua kofia akaniuliza, "Mzee, unamfahamu huyu?" Nikamtambua hapo hapo, kwa macho yake, ambayo ni yako. Nikanyamaza. Askari akangoja, nami nikaangalia pembeni. Hilo ndilo nililokuficha, Dolores, kuliko jambo la yeye kurudi. Ningesema "ni mpwa wangu," wangemwacha. Sikusema, wakampekua mifukoni, wakakuta dawa za kulevya, wakamfunga pingu. Wakati wanamwingiza kwenye gari alinigeukia akasema, "Mjomba, kiti kinalowa."

Alikuwa anakipeleka barazani. Amelelewa juu ya kiti kile mpaka miaka tisa, Mama akimlisha mayai. Alipita mtaani bila mpango wa kubisha hodi, anasema, alitaka kuona nyumba tu. Akakiona nje kwenye theluji, akawaza jinsi Mama angeumia kama angekuwa hai. Hajakaa huku miaka mingi, alisahau kiti kikiwa nje kina kazi gani. Hakunigusa. Hakuna aliyeporwa. Ni barafu na upumbavu wangu.

Kesho yake walimwachia kwa sharti la kwenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa mbele ya muuguzi. Alipanda mlima kwa miguu kuja kuniomba radhi, mimi ambaye nilimkana. Ingekuwa ni dhamana, nani angemlipia? Mimi usiku ule nilikuwa hospitali. Wewe usingelipa, na sikulaumu. Angekaa ndani miezi, na akitoka asingekuja kwangu, kwa sababu angepata nafasi ya kufikiria vizuri kile kimya changu.

Amekaa chumba cha juu tangu siku hiyo. Hajakosa asubuhi hata moja. Anashuka na 51 saa kumi na mbili na robo. Aliniomba nisikuambie mpaka atimize mwaka mzima, kwa sababu, anasema, "Mama nimeshamwambia nimeacha mara sita, ya saba ataisikiaje?"

Nimevunja ahadi niliyompa ili kumlinda yeye, na sasa sijui nimelinda nini. Usiipeleke karatasi ile.

Kaka yako,
Stan


Port Lavery
22 Septemba

Dolores,

Natumaini u mzima. Sina njia ya kujua.

Nimekuandikia Juni na Agosti, sijui kama zilifika. Sanduku la barua nalifungua mara mbili kwa siku, ingawa mtu wa posta anakuja mara moja. Irene anaona na anajitia hamnazo, kitu ambacho si kawaida yake.

Nimeona kwenye televisheni mswada umepita Baraza la Wawakilishi, sasa uko Seneti, na wanasema huko utakaa. Mheshimiwa wako hakunitaja. Alimtaja mama mmoja mwenye duka la maua. Sijui kama ni wewe uliyenitoa.

Halmashauri ya mji imeanza kuogopa kabla ya wakati. Basi la 51 wamelipunguza, la mapema limebaki moja. Curtis halikosi. Anatengeneza viti vya kanisani, vyote vilivyokuwa vikilia mtu akikaa vimenyamaza.

Nyanya zilizaa sana. Nilizipika, nikaweka kando chupa nne kwa ajili yako.

Stan


Washington
15 Desemba

Kaka Stan,

Barua zako zote zilifika. Ziko mezani, kwa tarehe.

Karatasi ya polisi ilitangulia barua yako kwa siku moja. Ilikuwa na picha. Niliitazama wakati nakunywa kahawa na nikawaza, mtu mwenyewe ndiye huyu. Nilimchukia kabisa, Stan, ile chuki ya raha. Kisha nikasoma tarehe ya kuzaliwa, siku niliyomzaa mimi.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa nikamwambia habari yako aiache. Akaniuliza, "Dolores, ni ya kweli au si ya kweli?" Nikasema si ya kweli. Hakuuliza zaidi, ana adabu. Akasema, "Basi nitafutie nyingine." Nikatafuta. Mama wa maua nilimtoa kwenye rundo la Jumatatu. Kwa hiyo ndiyo, ni mimi niliyekutoa, na ni mimi niliyemwingiza yeye. Bado ninafanya kazi pale. Bado naamini baadhi ya maneno niliyoyaandika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu sheria ile ingekuwa imeanza kazi, ningemkosa, na ilivyo sasa pia sikumpata mimi, umempata wewe.

Nilikaa kimya kwa sababu sikujua niandike kwa nani. Kila nikianza "Kaka Stan" nilijua huenda mwanangu ndiye atakayeichukua barua sandukuni.

Sasa nikuambie jambo. Jumamosi nilikuja. Sikukuarifu, nilitaka nisiwe na mahali pa kugeukia. Mwendo wa saa nne na nusu ukawa sita, kwa sababu ya theluji. Nilifika kwenye saa tisa mchana. Magari yamepangana pande zote mbili za mtaa, hakuna pa kuweka hata baiskeli. Nafasi moja tu, mbele ya nyumba, imefukuliwa mpaka lami inaonekana, na katikati yake kiti cha Mama.

Wewe huna gari. Yeye hana. Nikaelewa kwamba kuna mgeni mnamngoja, mtu wenu, labda yupo mwanamke katika maisha yake, labda rafiki wa kliniki. Kwa nini wasiwepo? Nilizunguka mtaa mara tatu. Mara ya pili nilimwona kwenye dirisha la jikoni anaosha vyombo. Mabega amenenepa. Alikuwa anazungumza na mtu aliyekuwa nyuma yake, nafikiri ni wewe, kwa sababu alikuwa anapaza sauti.

Mara ya tatu nilisimama katikati ya barabara, injini ikinguruma, nikakitazama kiti. Ningeweza kushuka. Lakini nimezaliwa mtaa ule, kiti cha mtu hakiguswi. Lori la kumwaga chumvi likaja nyuma yangu likapiga honi, nikaondoka. Nilipofika kwenye barabara kuu nilikuwa bado natafuta mahali pa kugeuza gari.

Sherehekeeni vizuri na mgeni wenu. Mwambie, au usimwambie, utajua mwenyewe.

Dolores


Port Lavery
19 Desemba

Mdogo wangu Dolores,

Sisi wazima. Irene mzima. Yeye aliliona gari lenye namba za Washington likizunguka, akaja mbio na goti lake la chuma kuniambia serikali imekuja kutupeleleza. Nikamwambia arudi akalale.

Barua yako sikuificha. Niliisoma, nikampa. Aliisoma amesimama, kisha akaketi, kisha akaisoma tena. Nikamuuliza kama ana la kukwambia. Akasema hapana, ataandika akitimiza mwaka, tarehe 24 mwezi ujao, si kabla. Kichwa kigumu hicho hakukipata kwa baba yake.

Lakini la kiti nitakuambia mimi. Tangu theluji ya kwanza ya Novemba anaamka saa kumi na moja, anachukua beleshi na kuifukua nafasi ile kabla ya kwenda kwenye basi. Mara ya kwanza nilitoka kumzuia. Nikamwambia, "We Curtis, gari niliuza. Unamfukulia nani?"

Hakuacha kufukua. Akasema, "Mama ana gari."

Basi kila theluji ikianguka anafukua, analeta kiti, anakifuta, anakiweka. Jioni anakitoa kimekaa siku nzima bure, anakikausha kwa taulo karibu na jiko. Jumamosi ulipozunguka, alichokuwa ananipazia sauti ni kwamba theluji inaongezeka, na akimaliza vyombo atatoka kuifukua tena.

Kalenda ya wakulima inasema itaanguka nyingi wiki hiyo ya tarehe 24 Januari. Ukija ukakikuta kiti, shuka kwenye gari. Kisogeze. Weka gari lako, kisha uingie nacho ndani, kisilowe.

Kaka yako,
Stan